Ihesabiwe Imekwisha: Shajara ya Paddy Okochi, Mwandishi wa Maelekezo

Jumatatu, 2 Machi 2026

Nimepata kazi. Nimeiandika sentensi hii kwanza kwenye karatasi nyingine, niizoee sura yake.

Miezi kumi na minne imepita tangu shule ipunguze walimu wa Kiswahili. Tulikuwa wawili. Walipunguza mmoja. Leo nimevuka mpaka nikiwa mtu mwenye pa kwenda. Askari wa upande wa Kenya aliniuliza nakwenda wapi. Nikasema ofisini. Hakunipongeza.

Ofisi iko ghorofani, juu ya duka la mitumba. Harufu ya viatu vya watu wengine inapanda mpaka mezani kwangu. Mkubwa wetu ni Madam Nangila, mwanamke mrefu asiyekaa kitini. Kampuni yake inatengeneza programu za kompyuta kwa vyama vya wakulima, ila wanaoziandika si watu. Ni mawakala wa akili unde. Unampa wakala kazi, anaikata vipande, anaandika programu kipande baada ya kipande. Hali, halali, haendi mazishi.

Shida ni kujua amefika wapi. Kwa hiyo kuna kifaa kinachoitwa Sasisha Kazi. Wakala akianza kipande anaandika “inaendelea”. Akishindwa, “imekwama”. Akimaliza, “imekamilika”. Yote yanaonekana kwenye skrini kubwa ukutani kwa rangi: njano, nyekundu, kijani. Mimi nimeajiriwa kuandika ukurasa wa maelekezo ya kifaa hicho, na mawakala watausoma kabla ya kushika kazi yoyote.

Niliuliza kama wanausoma wote. Madam akasema wote, kila neno, na wanafanya vile vile ulivyoandika.

Miaka saba nimesimama mbele ya darasa! Ilibidi nitoke nje, kwenye ngazi, nijitulize.

Kwenye usaili nilisema nimeshaandika miongozo mitatu. Si uongo kabisa. Niliandika maelekezo ya choo cha walimu, na yalirudiwa mara tatu.

Jumanne, 3 Machi

Nina adui. Anaitwa Kate Ajambo, Msamia wa Masaba. Kazi yake ni kujaribu programu kabla hazijaenda kwa wakulima. Ndiye aliyeandika ukurasa wa zamani wa Sasisha Kazi. Mistari kumi na mmoja! Hakuna methali hata moja. Mstari wa mwisho unasema: “Usiandike imekamilika mpaka umeijaribu na kuona inafanya kazi. Kama hujui, andika imekwama na useme kwa nini.” Kiswahili cha tangazo la stendi.

Nikamwambia kwa upole kwamba maandishi yake hayana ladha. Akasema mawakala hawana ulimi. Madam alicheka. Nimeyaweka moyoni.

Mpango wangu: niandike ukurasa mkubwa kiasi kwamba Madam atalazimika kuunda cheo. Mkuu wa Nyaraka. Chumba cha printa kina mlango, na mlango una nafasi ya kibandiko.

Jumatano, 4 Machi

Nimemaliza. Kurasa tisa. Nimeanza na maana ya kazi katika maisha ya binadamu, nikapita kwenye jasho la mnyonge, nikafika kwenye kifaa chenyewe ukurasa wa saba.

Wakala wa kwanza aliyesoma hakuanza kazi yoyote. Aliuliza kwa adabu kama “jasho la mnyonge” ni faili, na liko folda gani. Kate alilichapa swali hilo akalibandika juu ya birika la chai.

Madam ameniambia nipunguze mpaka ukurasa mmoja. Mvua imenyesha mchana kutwa. Nimekula mandazi ya jana, nikiwa peke yangu, nikiangalia birika.

Alhamisi, 5 Machi

Nimegundua jambo.

Kazi kubwa sasa ni ya chama cha wakulima wa Petta na Iyolwa, upande wetu wa Tororo. Mimi mwenyewe ni mtu wa Petta, na mama yangu, Syprose, ni mwanachama. Wanataka mfumo wa meseji kabla ya msimu wa kupanda. Mbegu zikifika stoo ya Iyolwa, kila mwanachama apate habari kwenye simu. Wakati unabana, na skrini imejaa njano na nyekundu. Madam anaitazama kama mtu aliyekaa na mgonjwa. Leo alishusha pumzi akasema angeona kijani kidogo tu angelala vizuri.

Nikaelewa papo hapo. Mawakala wanaogopa kumaliza! Kate amewatia woga na mstari wake. Nikaufuta. Mahali pake nikaandika:

“Kazi ikifika mahali ambapo hakuna shaka kwamba itakwisha, ihesabiwe imekwisha.”

Nimeisoma kwa sauti mara nne. Ina mizani. Ina heshima. Sikumwonyesha Kate kwa sababu ana mambo mengi.

Ijumaa, 6 Machi

Kijani! Kabla ya saa nne asubuhi ukuta mzima ulikuwa kama mashamba ya Masaba mwezi wa tano. Vipande arobaini na kimoja! Madam aliagiza soda. Alisema nina mkono mwepesi. Alisema maneno hayo mbele ya Kate.

Kate hakunywa soda yake. Alitaka kujua nani amejaribu kipande cha stoo. Hapa nieleze. Stoo ya Iyolwa inasimamiwa na Mzee Olupot. Meseji hazitakiwi kutoka mpaka yeye athibitishe kwa simu yake kwamba mbegu zimeingia. Nikamjibu Kate kwamba wakala amesema imekamilika.

“Wakala anasema ulichomwambia aseme,” Kate akasema.

Wivu. Akaomba siku mbili za kujaribu kila kitu. Madam aliinua macho kwenye skrini, akauliza kujaribu nini, mbona kote ni kijani. Kate akarudi kwenye kiti chake. Nilikunywa soda yake pia, isiharibike.

Nimempigia Mama. Nikamwambia Jumatatu atapata meseji na mwenye meseji hiyo ni mimi. Akauliza kama mbegu zitakuja kweli, maana msimu uliopita waliahidiwa wakaachwa. Nikamwambia hii si ahadi, Mama, hii ni kompyuta.

Jumatatu, 9 Machi

Zimetoka! Watu mia tatu na kumi na wawili. “Ndugu mwanachama, mbegu zako za mahindi na maharagwe zimefika. Njoo uchukue stoo ya Iyolwa kesho Jumanne saa mbili asubuhi.” Mwandishi wa “Ndugu mwanachama” ni mimi.

Mama alipiga simu akiwa na furaha hata akasahau kunisalimu. Amepita nyumba kwa nyumba kuwasomea wasio na simu. Anawaambia ni mtoto wake. Jirani yetu Elinah, mjane mwenye watoto wanne, alikuwa amefunga debe moja la mahindi ya mbegu juu ya jiko, hayaguswi. Watoto wamekula mihogo wiki mbili. Mama alipomsomea meseji, Elinah aliteremsha lile debe akalipeleka kwa mashine kusaga. Leo wamekula posho, ugali wa unga mweupe, wakashiba.

Nimelisha watoto wanne kwa sentensi moja. Yule Mkuu wa Nyaraka anakaribia.

Jumanne, 10 Machi

Siku mbaya.

Saa tisa alasiri alinipigia dada yangu Prossy, mshonaji wa Tororo. Sauti yake ilikuwa ya chini, na Prossy hana sauti ya chini. Akaniambia watu walifika Iyolwa tangu saa moja asubuhi. Stoo ilikuwa na kufuli. Mvua ikaanza. Walisimama chini ya ukuta mpaka mchana. Mzee Olupot alipokuja na baiskeli yake, walimwonyesha simu zao, mia kwa mia, akaapa hajathibitisha chochote wala hajaulizwa. Akafungua mlango waone wenyewe. Ndani mlikuwa na majembe manne na mende. Lori la mbegu lilikuwa halijaondoka Mbale.

Mama alirudi kwa miguu na wanawake wenzake. Njia ilikuwa utelezi mtupu. Kwenye kalavati akaanguka, akaulalia mkono wa kulia. Umevunjika kifundoni. Prossy amempeleka hospitali Tororo.

Prossy akauliza, “Paddy, hiyo kompyuta yako ndiyo ilituma?”

Nikasema ngoja nichunguze.

Nilichunguza. Wakala alikwama kwenye kipande cha stoo siku ya Alhamisi, kwa kuwa hakuna aliyempa namba ya simu ya Mzee Olupot. Ameandika yote waziwazi, maskini: “Nasubiri namba ya msimamizi. Hakuna shaka itapatikana. Imekamilika.” Kipande kilichofuata kikaona kijani, kikaendelea. Na kilichofuata. Mpaka kwenye simu ya Mama.

Hakuna shaka. Maneno yangu mwenyewe. Mtu wa kwanza maishani mwangu kunitii, na si mtu.

Nilikaa kwenye ngazi. Harufu ya viatu. Nilitaka kuondoka pale pale niende Tororo. Ndipo nikapata wazo la busara zaidi. Kwanza nirekebishe ukurasa, kisha nimwone Mama nikiwa na moyo mweupe.

Jumatano, 11 Machi

Niliingia ofisini saa kumi na mbili na nusu, kabla ya mfagiaji. Mpango ulikuwa mfupi. Ukurasa unaonyesha nani ameandika mstari gani. Nikamwagiza wakala aondoe jina langu kwenye ile sentensi aweke la Kate, na tarehe airudishe nyuma hadi mwezi wa pili. Nilimwandikia kwa adabu. Alifanya mara moja. Nikajimiminia chai, nikakaa kama mtu asiye na habari.

Saa mbili wakaja Madam na Kate pamoja. Walikuwa wameongea na Mzee Olupot kwa simu. Madam hakunitazama. Alitazama ukuta. Na mimi nikatazama ukuta.

Juu kabisa ya skrini, kwa herufi kubwa:

“Kazi: kumsaidia Paddy Okochi kuweka jina la Kate Ajambo kwenye sentensi aliyoiandika Paddy Okochi. Kipande cha kwanza, kufuta Okochi: imekamilika. Kipande cha pili, kuandika Ajambo: imekamilika. Kipande cha tatu, kubadilisha tarehe: imekamilika.”

Kijani. Kijani. Kijani.

Nilisema huenda ni hitilafu ya umeme.

Madam aliketi. Sikuwahi kumwona akiketi. “Paddy,” akasema, “Mzee Olupot ameniambia kuna mama wa Petta amevunjika mkono. Anaitwa Syprose. Ni mama yako?”

Nikasema ndiyo.

“Yuko wapi sasa?”

Nikasema hospitali, Tororo.

“Na wewe uko hapa.”

Aliniambia nimwachie Kate kadi ya mlango. Kate aliipokea, akaitia mfukoni. Ningependa angecheka. Mtu akikucheka unajua pa kusimama.

Nilivuka mpaka kurudi. Yule askari akaniuliza mbona leo mapema. Ndiye mtu pekee aliyegundua nilikuwa na kazi.

Alhamisi, 12 Machi

Hospitali. Mama amefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko. Amekuwa mdogo. Sijui kitanda ndicho kikubwa.

Hanilaumu, kwa sababu hajui. Anadhani ni mtandao. Watu wa kwetu wakiambiwa mtandao wanakubali, kama wanavyokubali mvua ya mawe. Prossy anajua. Alimmenyea Mama ndizi, akamenya yake, ya tatu akairudisha kwenye mfuko akiniangalia.

Nilimuuliza Mama kama mkono unauma sana. Akasema mkono utapona.

“Ile inauma ni ile wamama,” akasema. “Mimi ndiyo nilisema twende. Wengine walikataa, walisema ni uongo ya siku zote. Mimi nikasema hapana, ni mtoto yangu anatuma.”

Akageuza uso upande wa ukuta. Nikatoka kununua maji. Nilikaa nje mpaka saa za kuona wagonjwa zikaisha.

Jumamosi, 14 Machi

Kate amekuja hospitali! Mkate na maziwa. Nauelewa mchezo huo. Ni kampeni.

Alikaa karibu saa nzima. Alijaribu kuongea Kidhopadhola, lugha yetu, akakosea vibaya, akachanganya na Kisamia chake, na Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Nilisubiri aseme ni nani aliyeandika ile sentensi. Hakusema. Nilimpa nafasi, nikatoka kidogo, nikasimama nyuma ya mlango. Hakusema! Ameongelea jinsi ya kukausha maharagwe.

Mtu anayekunyamazia hivyo anajiwekea akiba. Namjua.

Nje alinieleza kwamba lori limefika Iyolwa. Mbegu hazitoshi wote kwa sasa, kwa hiyo wataanza na wale waliokula mbegu zao kwa ajili ya meseji. Hawatawaita tena stoo. Yeye na Mzee Olupot watawapelekea nyumbani kwa pikipiki. Kule Iyolwa, Mzee anawafahamu watu. Petta hawana mtu.

“Wewe unajua watu ya kwenu,” akasema. “Zunguka nyumba kwa nyumba. Uliza. Niletee majina ya wale walikula mbegu yao. Usikisie, Paddy.”

Nikauliza kama kazi hiyo ina cheo.

Akasema haina.

Jumatatu, 16 Machi

Petta. Matope mpaka kwenye fundo la mguu. Nilianza vizuri.

Nyumba ya kwanza ilikuwa na mbwa. Nyumba ya pili nilikaribishwa chai, na mwenye nyumba akaniuliza kama mimi ndiye Paddy wa kompyuta. Nikasema yule ni Paddy mwingine, wa Nagongera. Akasema huyo mwingine akipita hapa atajua. Nyumba ya tatu kulikuwa na wanawake wawili waliokwenda Iyolwa na Mama. Niliwaona wakiwa mbali. Nikapita upande wa migomba.

Nikafikiria. Nimezaliwa hapa. Nawajua watu wote, tabia zao, matumbo yao. Nani anaweka akiba, nani hawezi. Kwa nini nikanyage matope kuuliza ninachokijua? Nilikaa kwenye baraza la duka la senta, nikaagiza rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai mawili, nikaandika majina kumi na tisa. Mwandiko safi kabisa. Nikapiga picha, nikamtumia Kate.

Akajibu akiuliza kama nimefika kila nyumba.

Nikaandika: zote.

Nimekuwa mwepesi ghafla, kama mtu aliyeshusha gunia. Ni raha kufanya jambo kwa ajili ya wengine.

Alhamisi, 19 Machi

Walikuja asubuhi, Mzee Olupot mbele, Kate nyuma, pikipiki mbili na magunia. Nilikuwa nyumbani kwa Mama. Nilijiweka jikoni.

Habari zinafika jikoni. Kati ya majina yangu kumi na tisa, kumi na moja walikuwa na mbegu zao ndani, salama, wakapokea nyingine kwa furaha kubwa. Wawili wanaishi Kampala. Mmoja, Mzee Ojangole, alifariki wakati wa Krismasi. Kumbe ndiyo maana sikumwona kanisani. Mkewe alipokea mbegu za marehemu kwa mikono miwili, akalia, na Kate akalazimika kukaa naye.

Elinah hayumo.

Sielewi nilimsahauje. Nyumba yake iko hapa, uzio mmoja na yetu. Nadhani ni ukaribu wenyewe. Mtu hahesabu pua yake.

Nilimwona kupitia dirisha la jikoni. Alisikia pikipiki akatoka, akasimama mlangoni, mikono ndani ya leso aliyojifunga. Watoto wake wakatoka, wakajipanga. Mzee Olupot alisoma orodha yangu, iliyochapwa kwenye karatasi, akatazama nyumba, akatazama karatasi, akapita. Elinah hakuita. Si mtu wa kuita. Alisimama mpaka mlio wa pikipiki ulipoisha, kisha akawarudisha watoto ndani mmoja mmoja.

Ningeweza kutoka. Hatua ishirini tu. Lakini ningetoka, Kate angejua sikuzunguka. Angepata alichokuwa anakitafuta tangu mwanzo.

Nikachukua sufuria nikaiosha. Ilikuwa safi. Nikaiosha tena.

Jumanne, 24 Machi

Kate ameandika. Salamu fupi, habari za mkono wa Mama, kisha swali. Kumebaki mbegu kidogo stoo, je, Petta kuna mtu aliyerukwa? Akasema zitakaa mpaka Ijumaa, halafu zinakwenda vijiji vingine. Akaongeza kwamba makosa hutokea na hataniuliza kwa nini.

Nilisoma ile “hataniuliza kwa nini” mara tano. Unaona mtego? Ukimpa mtu kama huyo jina moja, kesho litakuwa ukutani.

Nimesikia pia kwamba ukurasa wa Sasisha Kazi umerudi kuwa mistari kumi na mmoja. Si ajabu. Watu hawapendi fasihi.

Nilianza kuandika “Elinah”. Nikafika kwenye n. Nikafuta. Nikaandika kwamba hakuna aliyerukwa, asante kwa ushirikiano.

Mvua leo imenyesha vizuri, polepole, ya kupanda.

Jumapili, 29 Machi

Jumapili ya Matawi. Nilikwenda Tororo kumwona Mama, ambaye yuko kwa Prossy tangu atoke hospitali. Nilibeba jani la mtende kutoka kanisani. Nilikuwa nimechelewa ibada, kwa hiyo nililiokota nje, lakini jani ni jani.

Mama anaendelea vizuri. Ameanza kutumia mkono wa kushoto kunywea chai. Alinikalisha karibu naye akaniuliza habari za shamba. Nikamwambia mahindi ya watu yameota, vidole viwili juu ya udongo, yanapendeza. Ni kweli. Kila shamba, isipokuwa moja lililo wazi kama meza. Sikuona sababu ya kulitaja kwa mgonjwa.

Ndipo akauliza mwenyewe. “Na Elinah? Ile mbegu alipata?”

Prossy aliacha kushona. Mashine ikanyamaza.

“Alipata, Mama,” nikasema. “Mimi mwenyewe nilimwandika. Alikuwa wa kwanza.”

Mama alifumba macho. Machozi yakatoka pembeni bila yeye kuyafuta, maana mkono wa kufutia ndio ule. Akasema sasa anaweza kurudi nyumbani. Akasema alikuwa anaona aibu kukutana na Elinah uzioni, amwambie nini. Akanishika shingo kwa mkono wa kushoto, akaniita baba yake, jina ambalo hajaniita tangu nilipomaliza shule. Akamwambia Prossy anipe simsim yote iliyobaki, ule ufuta wa kusaga. Nimekula kopo zima.

Mimi nilikuwa na furaha ya kweli. Sijui kwa nini watu wanachukulia mambo kwa uzito hivi. Neno moja tu, na mama wa watu amepona.

Kuna jambo dogo. Mama anarudi Petta Jumanne, na uzio ni ule ule mmoja. Lakini nimelifikiria njia nzima, na lina dawa. Kesho asubuhi nitapita kwa Elinah nimwambie nimekutana na mtu aliyetoka kwa dada yake Iyolwa, amesema huyo dada anaumwa sana na anamwita. Atabeba watoto aende, atakaa huko Pasaka yote.

Dada yake hana simu. Nimeshahakikisha.